Mlezi wa usiku kwa mtoto mchanga: kumtafuta, kumpima na kuelewana naye

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na siku kumi na moja nilipopata usingizi wa saa saba mfululizo. Niliamka kumepambazuka, matiti yamejaa hadi yanauma, kanga imelowa maziwa, na nyumba iko kimya. Kimya kile ndicho kilichoninyanyua kitandani. Mtoto alikuwa amelala, ila nilipomtekenya unyayo hakushtuka kama siku zote. Mama tuliyemweka kwa ajili ya usiku akanieleza kwa upole kabisa: saa nane mtoto alisumbua, akampa piritoni kidogo, ile dawa ya mafua inayolewesha, "maana ulikuwa umechoka mwanangu, nikaona nikuache upumzike." Tulishinda hospitali hadi magharibi wakimwangalia anavyopumua. Alhamdulillahi, alikuwa mzima.

Yule mama hakuwa mtu mbaya, na lawama nyingine ni yangu. Siku aliyoanza kazi nilimwambia, "Nisaidie tu nilale, usiniamshe bila sababu." Sababu ni ipi, sikumwambia. Tangu hapo, kwa mtoto wa pili na kwa wifi na marafiki walioniomba ushauri hapa Dar es Salaam, nimekuwa nikianzia mahali pamoja: mlezi wa usiku anayestahili pesa yako ni yule anayejua lini akuamshe. Kubembeleza mtoto wengi wanaweza.

Hatua ya 1: Jua unatafuta mtu wa kazi gani

Usiku wa arobaini una wenyewe. Bibi wa mtoto au mama mkubwa anakuja na begi lake, mzazi anakandwa, anakunywa uji wa pilipili manga, na mtoto akilia kuna mikono mitatu inayomgombea. Kama unaye mtu huyo na ana nguvu za kukesha, msomee hatua ya 7 hapa chini na uishie hapo.

Wanaotafuta wa kulipwa ni wale ambao bibi yuko Bukoba na miguu inamsumbua, au bado yuko kazini mwenyewe. Ni waliojifungua kwa upasuaji na hata kuinuka kitandani ni shughuli. Ni wenye pacha. Na ni wale ambao baba wa mtoto amesharudi kazini, maana sheria ya ajira ya Tanzania Bara, ile ya 2004, inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, lakini baba kwa kawaida inampa siku 3 tu. Siku tatu mtoto hajatoka hata kitovu.

Kazi yenyewe ina sura tatu, na kila moja ina mtu wake.

Ya kwanza: mlezi anakaa na mtoto, akitaka kunyonya anakuletea, unanyonyesha, anamchukua, anamcheulisha, anambadilisha, anamlaza. Wewe unaamka mara tatu au nne, lakini kila mara ni nusu saa tu halafu unarudi kulala. Kwa wiki sita za mwanzo hii ndiyo ninayoipendekeza kwa anayenyonyesha, na sababu nitaieleza kwenye maziwa.

Ya pili: mlezi anampa mtoto maziwa uliyokamua, au ya kopo kama daktari au hali yako imeamua hivyo, kwa zamu moja ya usiku. Hapo unataka mtu msafi kupita kiasi, anayejua kulisha kwa kikombe au kwa chupa.

Ya tatu: mtoto aliyezaliwa njiti, aliyetoka wodini na dawa za kupewa kwa saa, au mama mwenye kidonda kinachohitaji macho. Hapa usiweke mtu wa kujitolea kwa moyo mzuri. Tafuta muuguzi au mkunga mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na uione hiyo leseni kwa macho yako.

Hatua ya 2: Zungumza na watu wa nyumbani kabla mgeni hajaingia

Hii watu wanairuka, na ndiyo inayovunja mipango mingi. Mama mkwe akisikia umemlipa mtu baki aje kumlinda mjukuu wake usiku, anachosikia ni kwamba hafai. Mpe habari mapema, na mpe nafasi yake wazi: "Mama, wewe ndiye wa mchana, wa kunikanda na kunionyesha namna ya kumwogesha. Usiku nisingependa ukeshe, presha yako itapanda." Wifi yangu aliongeza jambo la busara zaidi: alimwomba mama mkwe awepo siku ya kuwahoji walezi. Bibi aliuliza maswali makali kuliko yeye, na aliyechaguliwa akawa ni chaguo la bibi.

Na baba naye aambiwe ukweli. Kutakuwa na mwanamke mgeni anayezunguka nyumbani usiku. Kanuni za mlango upi unafungwa, nani anavaa nini akitoka chumbani, na choo kipi kinatumika, zipangwe kabla ya aibu kutokea. Nimeona mlezi mzuri akiacha kazi usiku wa pili kwa sababu hiyo, na hakusema sababu. Alisema tu ana msiba.

Hatua ya 3: Mahali pa kumtafuta

Anza miezi miwili kabla ya kujifungua, kwa sababu ukianza na mtoto mkononi utamchukua yeyote atakayepokea simu.

Mahali pazuri kuliko pote ni mwanamke mwenzio aliyejifungua ndani ya mwaka uliopita. Muulize swali moja: "Ungemwita tena?" Akisita, hata kama anamsifu, umepata jibu. Baada ya hapo ni wauguzi na wakunga wastaafu mtaani kwenu. Kila mtaa una mmoja, na mara nyingi majirani wanamjua kwa sababu ndiye anayegongewa mtu akiumwa. Wauguzi walio kazini wanatafutwa sana, ila uliza ratiba yake ya zamu. Muuguzi aliyetoka wodini saa moja na nusu jioni akaingia kwako saa tatu atasinzia, leseni au bila leseni. Msikitini na kanisani, akina mama wa vikundi wanajua nani ana mkono wa watoto.

Mawakala wa wafanyakazi wa nyumbani wapo pia. Kwa kazi hii mimi nisingemchukua mtu ambaye wakala hawezi kunipa namba za nyumba mbili alizowahi kulea mtoto wa chini ya mwezi mmoja. Aliyelea mtoto wa miaka miwili hajalea mchanga.

Halafu kuna kosa ambalo tunalifanya tukijua: kumwambia dada wa kazi alale na mtoto. Dada ameamka saa kumi na moja, amefua, amepika, amedeki. Ukimpa na usiku, unamwekea mtoto wako mtu ambaye mwili wake utalala atake asitake. Na kama dada huyo hajatimiza miaka 18, sheria ile ile ya ajira inakataza kabisa kumfanyisha kazi usiku. Inakataza pia kwa mwanamke aliyejifungua ndani ya miezi miwili iliyopita. Kwa hiyo yule jirani mwenye kichanga chake anayesema "nitawalea wote wawili" mwambie ahsante.

Hatua ya 4: Mahojiano

Mwite nyumbani mchana, akae, anywe maji, uone anavyonawa kabla ya kuomba kumshika mtoto, kama mtoto ameshazaliwa. Anayenawa bila kuambiwa amejibu swali la kwanza.

Usimuulize "unapenda watoto?" Hakuna atakayesema hapana. Muulize yanayotokea usiku:

"Mama, ni saa tisa. Mtoto amenyonya, umembadilisha, hana joto, bado analia. Unafanya nini?" Anayejua kazi atakueleza kwa mpangilio: atamcheulisha tena, atambeba kifuani, atazunguka naye, ataangalia kama uzi umemzonga kidole cha mguu (hili linatokea kweli, nywele au uzi wa soksi), na mwisho atasema, "asiponyamaza nakuita." Anayejibu "kuna dawa ninampa" mshukuru na umsindikize. Piritoni na dawa nyingine za mafua zinazolewesha zinaweza kupunguza kasi ya pumzi ya mtoto mchanga. Wala usikubali maji ya sukari, asali, maji ya tumbo, au dawa ya mitishamba ya kumtoa mtoto gesi. Kwa miezi sita ni maziwa ya mama tu, na dawa ni zile alizoandikiwa. Asali yenyewe ni hadi atimize mwaka.

"Mtoto amelala toka saa nne, sasa ni saa tisa na hajaamka kunyonya. Unamwacha?" Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Wengi watasema "namwacha, mtoto akilala anakua." Kwa mtoto wa wiki ya kwanza na ya pili hilo si kweli. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku ukiwemo, na kabla hajarudisha uzito aliozaliwa nao, ambao kwa kawaida hurudi ndani ya wiki mbili, asipitishe zaidi ya saa tatu au nne bila kunyonya. Mlezi anayesema "namwamsha, na asipoamka vizuri nakuita" ni wako.

"Unamlazaje?" Jibu ni chali, kwenye kitanda chake au godoro gumu, bila mto, bila blanketi zito, bila mdoli. Ubavu unateleza na kuwa kifudifudi. Na uliza analala naye wapi. Jibu la "nampakata kwenye kochi, tunasinzia wote" ni hatari, maana kochi ni mahali pabaya kuliko kitanda: mtoto anabanwa kati ya mtu na mto na hakuna anayesikia.

"Kitovu unakipaka nini?" Kisafi, kikavu, nepi ikunjwe chini yake. Majivu, mafuta ya kula, dawa ya meno, mate, udongo, hapana.

"Ni lini mara ya mwisho ulimwamsha mama wa mtoto usiku, na kwa nini?" Aliyefanya kazi hii kweli atakuwa na kisa. Aliyesema hajawahi kumwamsha mtu, katika nyumba zote alizopita, mimi simchukui.

Hatua ya 5: Utambulisho na afya

Kitambulisho cha taifa cha NIDA, nakala ubaki nayo. Barua ya serikali ya mtaa anakoishi, na umpigie mwenyekiti kuhakikisha. Namba za ndugu wawili. Piga simu kwa waajiri wawili wa zamani, na uwapigie usiku usiku, maana mama mwenye mtoto mdogo saa mbili usiku ana ya kusema kuliko saa nne asubuhi akiwa ofisini.

Afya ni jambo la kuzungumza kwa heshima. Kinachomtisha mtoto wa wiki mbili ni kile kinachopita kwa hewa na kwa mikono. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili, anayetoka jasho usiku na kupungua uzito, apimwe kifua kikuu kwanza. Kipimo na matibabu yake ni bure katika vituo vya serikali. Mafua, tetekuwanga, kuharisha, macho mekundu: asije siku hiyo, na asikatwe malipo kwa kukuambia. Ukimkata, mara ya pili atakuja na mafua yake akiwa amemeza dawa.

Watu wengi huomba cheti cha VVU. Acha. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa, na VVU haviambukizwi kwa kumbeba mtoto, kumwogesha wala kumbadilisha nepi. Kanuni inayomlinda mtoto ni nyingine na ni fupi: hakuna anayemnyonyesha ila mama yake. Iseme wazi, kwa sababu wapo wazee wa moyo mwema wanaompa mtoto titi kavu ili anyamaze.

Kucha fupi, pete na bangili zivuliwe, manukato makali yabaki kwake.

Hatua ya 6: Saa, malipo na karatasi

Kwa sheria ya Bara, usiku unahesabiwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Ukipiga hesabu, usiku wa saa tisa, kuanzia saa tatu hadi kumi na mbili, mara tano kwa wiki, unafika 45 kamili. Ndiyo maana nashauri usiku tano kwa mtu mmoja, na usiku mbili zilizobaki zigawanywe kwa baba, shangazi, au mlezi wa pili. Akizidisha, saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu.

Kwa kila saa ya usiku kuna nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwa mfano wa hesabu tu: mkikubaliana shilingi 2,000 kwa saa, nyongeza ni 100, kwa hiyo usiku wa saa tisa ni 18,900. Zanzibar wana sheria yao ya ajira, kwa hiyo aliyeko Unguja au Pemba aulize ofisi ya kazi ya huko. Bei ya soko inapanda kwa pacha, kwa muuguzi mwenye leseni, na kwa mtaa. Ila ukisikia mtu anakutajia bei ya dada wa kazi wa mchana kwa kazi ya kukesha, jua atatafuta kazi ya pili ya mchana, na usingizi wa kazi hiyo ataumalizia kwako.

Akifanya kazi saa tano mfululizo ana haki ya kupumzika dakika 60. Aliyeanza saa tatu anafikia hapo saa nane. Panga saa hiyo iwe ya kunyonyesha: unamchukua mtoto, yeye anakula alichowekewa, anajinyoosha. Nyumba nyingi hazimwachii mlezi hata chapati, halafu wanashangaa ana usingizi. Mwekee chai kwenye chupa na kitafunwa, na siyo makombo.

Usafiri uulize mapema. Aje kabla giza halijakolea na aondoke daladala zikiwa zimeshaanza. Kama anatoka saa kumi na moja, nauli ya bodaboda au bajaji ni juu yako.

Andikeni ukurasa mmoja, wote wawili mtie sahihi: majina, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa, malipo na siku ya kulipa, kazi zilizomo, na kazi zisizomo. Kufua nepi na vikombe vya mtoto zimo. Kupiga pasi nguo za baba hazimo. Lipa kwa simu ili ujumbe ubaki, na kama una kamera chumbani mwambie iko wapi kabla hajaanza.

Hatua ya 7: Orodha ya "niamshe"

Iandike kwa herufi kubwa, ibandike ukutani juu ya kitanda cha mtoto, msomee na umwombe akusomee na yeye. Ya kwetu ilikuwa hivi:

Niamshe mara moja, hata kama nimelala dakika tano zilizopita:
- mtoto amekataa kunyonya, au ananyonya kwa ulegevu kuliko kawaida;
- haamki vizuri, analegea, au hajitikisi mpaka asukumwe;
- kipima joto cha kwapani kinaonyesha 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5;
- anapumua haraka: hesabu dakika nzima akiwa ametulia, zikifika 60 au zaidi niite; pia kifua kikiingia ndani, akikoroma kwa shida au midomo ikiwa ya bluu;
- amestuka kwa degedege, au mkono na mguu vinacheza vyenyewe;
- manjano imefika viganjani na nyayoni;
- kitovu kinatoa usaha, kinanuka, au ngozi inayokizunguka imekuwa nyekundu;
- anatapika kijani;
- nepi ni kavu kwa muda wa saa 8;
- ameanguka, hata kama hakulia. Hutagombezwa.

Mstari wa mwisho ni wa lazima. Mlezi anayeogopa kufukuzwa atanyamaza na hilo, na kuanguka ndilo jambo ambalo watu hulificha kuliko yote.

Chini ya orodha andika namba: ya baba, ya jirani mwenye gari, ya dereva wa bajaji anayepokea simu usiku, ya kituo cha afya, na 115, namba ya bure ya mpango wa m-mama inayoita usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Simu ya mlezi iwe na chaji na LUKU isiishe saa tisa usiku. Nunua umeme siku ya kwanza ya wiki, na taa ya betri ikae mahali pamoja daima.

Na mfundishe kuangalia mama pia. Yeye ndiye anayekuona saa tisa usiku. Damu inayolowesha pedi ndani ya saa moja, kichwa kinachouma sana na macho kuona giza, homa, maumivu ya kifua, mguu mmoja uliovimba na kuuma: amwamshe baba. Vivyo hivyo mama anayelia kila usiku, asiyelala hata mtoto akiwa amelala, au anayesema maneno yasiyoeleweka kuhusu mtoto. Hayo si "mashetani ya uzazi". Yanatibiwa hospitali, na ya mwisho ni ya kukimbizwa usiku huo huo.

Hatua ya 8: Maziwa

Mwili hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotoka, na usiku homoni inayoyatengeneza ndipo iko juu zaidi. Ukilala usiku kucha wiki ya pili, kinachokupata ni kilichonipata mimi: matiti yanakuwa mawe, ziwa linaweza kuziba na ukapata homa, na baada ya siku kadhaa maziwa yanapungua. Kwa hiyo mlezi anakuletea mtoto. Ukishazoea na maziwa yakatulia, unaweza kuruka zamu moja kwa maziwa uliyokamua.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa muda wa saa 4 kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25. Chumba cha Dar mwezi wa pili kinazidi hapo bila shida, kwa hiyo yaende kwenye friji moja kwa moja, ndani kabisa na siyo mlangoni, na yasizidi siku 4. Andika tarehe na saa kwenye kila chombo. Yapashwe kwa kuweka chombo kwenye bakuli la maji ya moto, yazungushwe, yaonjwe kwa tone kwenye kifundo cha mkono. Maikrowevu hapana, yanaunguza katikati huku pembeni pako vuguvugu. Yaliyobaki mtoto akishaonja yamwagwe baada ya muda wa saa 2. Hapa walezi wanaona uchungu kumwaga, na wanarudisha friji. Waambie mapema kwamba kumwaga ni sahihi.

Kikombe kidogo ni rahisi kuoshwa kuliko chupa na hakimchanganyi mtoto anayejifunza titi. Kama ni maziwa ya kopo, unga wake si kitu kisicho na vijidudu: maji yachemke, yapozwe kidogo tu yasishuke chini ya nyuzi 70, ndipo unga uingie kwa kipimo cha kopo, halafu yapozwe kwa kunywewa. Kijiko cha ziada "ili alale" kinamkausha mtoto maji.

Hatua ya 9: Chumba

Chandarua chenye dawa, kimechomekwa. Dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza isitumike chumba alicholala. Udi najua ni sehemu ya arobaini kwetu pwani; fukiza sebuleni, mtoto akiwa kwingine, madirisha wazi. Kwa walioko Mbeya, Njombe, Lushoto au Arusha, jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama moto unaonekana umelala. Hewa yake haina harufu na inaua nyumba nzima. Mvalishe mtoto nguo moja zaidi ya anayovaa mtu mzima, na kifuani ndipo upime joto lake, mikono huwa ya baridi daima.

Wiki za mwanzo mlezi na mtoto wawe chumba kimoja na wewe au mlango wa pili ukiwa wazi.

Hatua ya 10: Usiku tatu za majaribio na daftari

Usiku wa kwanza usilale sana, na usijifanye umelala ili umtege. Mwonyeshe nyumba, nyonyesha mtoto yeye akiwa pembeni, muone mnavyopokezana. Usiku wa pili lala, lakini weka saa ya simu mara moja, saa tisa, uende kuchungulia. Wa tatu mwachie. Lipa zote tatu, hata usipomchukua.

Daftari la kawaida la shule linatosha. Mistari minne: saa, amenyonya (muda, upande gani), mkojo na choo, maelezo. Kuanzia siku ya tano nepi za mkojo zifike sita au zaidi kwa siku nzima, ukihesabu na za mchana. Daftari hilo nenda nalo kliniki. Mahudhurio ya baada ya kujifungua yapo ndani ya saa 24, siku ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita, na mhudumu akikuuliza mtoto ananyonya mara ngapi hutajibu "mara nyingi".

Daftari pia linasema ukweli ambao mlezi hasemi. Likiwa na saa zinazofanana kila usiku, nne kamili, saba kamili, kumi kamili, limeandikwa asubuhi. Mtoto hanyonyi kwa saa ya ukutani. Na kama wiki nzima imepita na hakuna usiku hata mmoja alioandika "nilimwamsha mama" ukiacha za kunyonyesha, kaa naye muongee, kwa upole, kabla hujafurahia usingizi wako.

Kumaliza

Wengi humaliza kati ya wiki ya sita na mwezi wa tatu. Usimwachishe ghafla. Toka usiku tano nenda tatu, wiki inayofuata mbili, ili na wewe mwili uzoee na yeye apate kazi nyingine. Mwandikie barua ya utambulisho yenye namba yako, useme alilea mtoto wa umri gani na kwa muda gani. Chukua ufunguo wako, mlipe siku hiyo hiyo na si mwisho wa mwezi, na daftari ubaki nalo wewe.

Yule mlezi wa mtoto wa pili, ukiacha za kunyonyesha, aliniamsha mara thelathini na moja ndani ya usiku arobaini, nilizihesabu. Mara mbili zilikuwa za hospitali, moja ikiwa manjano iliyofika nyayoni siku ya sita. Namba yake nimewapa watu wanne, na wote nimewaambia wamtengenezee chai ya tangawizi.